Daftari la Duka

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wameniomba niliandike katika gazeti letu la muhula huu lile somo la hesabu za duka dogo, kwa kuwa wengi wao hurudi likizo na kuwakuta wazazi wao na shida ileile: duka lauza, wateja hawakosi, lakini fedha ya kununulia mali mpya haipo. Nimekubali. Ila sitaanza kwa kanuni, nitaanza kwa debe.

Shangazi yangu alikuwa na duka dogo hapa Kitete, katika njia iendayo hospitali. Nyote mwajua jinsi njia ile ilivyo. Tangu alfajiri watu hupita na chupa za uji na vikapu, ndugu za wagonjwa kutoka Sikonge, Urambo, Uyui na kwingineko, na kila mmoja amesahau kitu: sabuni, chumvi, sukari, kibiriti. Mahali pazuri pa duka kuliko hapo ni vigumu kupata. Shangazi aliuza vitu hivyo vidogo vidogo, na zaidi ya yote aliuza asali, kwa maana asali ya Tabora yajulikana, na mgeni aliyekuja kumwona mgonjwa hapendi kurudi kwao mikono mitupu. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na kila Jumamosi nilimsaidia.

Duka lile lilifungwa. Halikuungua wala halikuibwa. Lilipofungwa tulikuta chini ya meza debe, na ndani yake madaftari manne ya shule yaliyojaa majina ya wadeni. Nasema majina, lakini kwa kweli hayakuwa majina. Yaliandikwa hivi: “Mama wa wodi ya watoto, sabuni 2.” “Yule mrefu wa baiskeli, asali.” “Mwalimu, sukari na kile kingine.” Hapakuwa na tarehe. Hapakuwa na bei. Baada ya miaka miwili akaja mzee mmoja kutoka Urambo, akavua kofia, akasema alikuwa na deni la siku alizomuuguza mwanawe, amekuja kulilipa. Tulipekua madaftari yote manne na hatukumwona. Yeye mwenyewe hakukumbuka kiasi. Shangazi akaona haya kutaja tu bei ya kubuni, yule mzee akaacha noti moja juu ya meza, na wote wawili wakaachana wakiwa na wasiwasi, kila mmoja akidhani labda amemdhulumu mwenzake.

Basi mtu asiniambie kwamba kuandika deni ni kutomwamini mtu. Mzee yule alikuwa mwaminifu kuliko daftari letu.

Na kuuza kwa mkopo si jambo geni katika mji huu. Tabora ilikua kwa mkopo. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na Kongo ilipumzika hapa Unyanyembe, na wakubwa wengi wa misafara hawakuwa na fedha yao wenyewe. Walipewa mali Unguja na matajiri, nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, wazirudishe kwa pembe za ndovu baada ya mwaka, au miaka. (Biashara ile ilikuwa pia ya kuuza watu, na jambo hilo tusilifunike.) Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao hapa karibu na Tabora, alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Unguja aliyepata pia kukodi forodha ya Sultani. Aliondoka pwani yapata mwaka 1870 na hakurudi Unguja hata mwaka 1882. Hebu fikirini: deni linakaa miaka kama 12, mdai yuko Unguja na mdeni yuko Kongo, hakuna simu wala posta ya kutegemewa. Kitu gani kilichowaunganisha? Ni maandishi. Na Tippu Tip alipoandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kitabu kilichopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1902 na 1903, hakusahau kutaja ni frasila ngapi na mali ya kiasi gani. Mtu wa safari na vita, lakini hesabu zake alizibeba kichwani na katika karatasi.

Mfano wa kinyume uko karibu vilevile. Dr. Livingstone aliagiza mali itangulizwe Ujiji, imngoje huko. Alipofika Oktoba 1871, amedhoofu kwa ugonjwa, aliambiwa kwamba mtu aliyekabidhiwa mali hiyo ameiuza yote. Katika yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga hakubakiziwa hata kipande. Mwenye mali alikuwa mbali, mtunzaji hakuulizwa hesabu na mtu yeyote, na mali ikaondoka kidogo kidogo. Stanley alimsaidia, wakaja pamoja hadi Kwihara, na pale kwenye tembe ambalo baadhi yenu mmekwisha kulizuru, Livingstone alikaa akingoja watu na vitu kutoka pwani hata Agosti 1872. Nyumba ile ni makumbusho sasa. Mimi kila nipelekapo wanafunzi huko nawaambia waitazame pia kama ghala la mtu aliyepotelewa na mali.

Tuendelee na duka la Shangazi, kwa kuwa madeni peke yake hayakuliua.

Nitatoa hesabu ya ndoo moja ya asali. Bei ninazoziandika ni za mfano tu, msije mkagombana nazo sokoni. Shangazi alikuwa na mtaji wa shilingi 188,000. Alinunua ndoo ya lita 20 kwa 160,000, akalipa usafiri 9,000, akanunua chupa tupu 38 za nusu lita kwa 500 kila moja, yaani 19,000. Mtaji wote umekwisha, umegeuka asali. Nanyi mtauliza, kwa nini chupa 38 na si 40? Kwa sababu juu ya ndoo pana povu na nta, na chini pana masazo. Mwenye kuhesabu 40 amekwisha kujidanganya kabla hajauza hata chupa moja.

Kila chupa aliiuza 6,000. Chupa 38 ni 228,000. Shangazi akasema: nimenunua kwa 160,000, nimeuza kwa 228,000, faida yangu 68,000. Kwa hiyo mwezi ule akachukua 60,000 ya nyumbani, unga, dawa, na sare ya mtoto, akajiona mtu wa kubana matumizi, kwa kuwa ameacha 8,000.

Tazameni sasa. Faida haikuwa 68,000. Chupa na usafiri vilikuwa vimekula 28,000 navyo ni gharama ya asali ileile. Faida ya kweli ni 228,000 kutoa 188,000, ndiyo 40,000. Alipochukua 60,000 alikula faida yote, akala na 20,000 ya mtaji. Tena chupa 5 alikuwa amezitoa kwa mkopo, yaani 30,000 ambayo bado iko mikononi mwa watu. Fedha iliyoingia kweli ni ya chupa 33, nayo ni 198,000. Toa 60,000, sandukuni imebaki 138,000. Ndoo ya pili yataka 188,000 pamoja na chupa na usafiri. Amepungukiwa 50,000.

Alifanya nini? Alikopa 50,000. Mwezi uliofuata akafanya vilevile, na kumbe sasa ana deni la kulipa pia. Hakuna aliyemwibia. Duka lilikuwa linauza vizuri, watu wanasimama mlangoni, naye kila mwezi anafukuza ndoo ile ile.

Hata mimi nilikuwa mmoja wa walaji. Kila Jumamosi jioni nilichukua daftari moja, kalamu, na mara nyingine soda, kama malipo yangu, na hakuna aliyeandika. Nilidhani vitu vya dukani kwetu havina bei.

Mwenye duka anahitaji madaftari mawili, siyo manne, na debe halihitajiki. La kwanza ni daftari la fedha. Lichoreni mistari ya safu tano: tarehe, habari, imeingia, imetoka, baki. Ndoo ya Shangazi ingeanza hivi:

Juni 1. Mtaji uliowekwa. Imeingia 188,000. Baki 188,000.
Juni 2. Ndoo 1 ya asali. Imetoka 160,000. Baki 28,000.
Juni 2. Usafiri wa ndoo. Imetoka 9,000. Baki 19,000.
Juni 3. Chupa tupu 38. Imetoka 19,000. Baki 0.
Juni 4. Chupa 6 kwa fedha taslimu. Imeingia 36,000. Baki 36,000.
Juni 5. Amechukua mwenye duka, unga wa nyumbani. Imetoka 12,000. Baki 24,000.

Mstari wa mwisho ndio watu wasioupenda. Mama huona haya kuandika kwamba yeye mwenyewe amechukua 12,000, na huona kama anajishtaki. Lakini mstari huo ndio wenye habari kubwa kuliko yote. Kila jioni hesabu fedha iliyo sandukuni. Ikiwa daftari lasema 24,000 na sanduku lina 21,000, kuna jambo limetendeka leo, na leo bado lakumbukwa. Ukingoja Jumapili hutalikumbuka. Nami nashauri, fedha ikipungua usiibandike kwa fedha ya mfukoni ili hesabu ipendeze. Andika “upungufu 3,000” na uendelee. Daftari linalolingana siku zote lanitia shaka.

Daftari la pili ni la madeni. Deni haliingii katika daftari la fedha mpaka lilipwe, kwa kuwa fedha haijaja. Lenyewe lina ukurasa wa kila mdeni, na humo tarehe, kitu, bei, siku aliyoahidi, na sahihi yake au alama ya kidole. Jina liwe jina, pamoja na mahali atokapo. Akilipa, piga mstari mbele yake na uandike tarehe ya malipo. Usichane ukurasa.

Tena mwenye duka aamue mapema kiasi cha mkopo anachoweza kukivumilia. Katika mfano wetu mtaji ni 188,000 na faida 40,000. Nikikopesha chupa 5 nimetoa nje 30,000, yaani robo tatu ya faida yote ya mwezi. Duka la jirani na hospitali haliwezi kukataa kila mtu. Mtu amelaza mtoto, huwezi kumnyima sabuni kwa shilingi mia kadhaa, na sitaki mwanafunzi yeyote anyanyue somo langu kumfukuza mtu wa namna hiyo. Shangazi angeweza kusema: kila mwezi natenga 5,000 ya sadaka kwa wenye shida, nayo naiandika “sadaka” katika imetoka. Lakini kutoa sadaka huku ukiiita deni ni kujipa matumaini ya fedha ambayo hutaiona.

Neno juu ya vipimo, kwa sababu limewaponza wengi wauzao asali. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini lita moja ya asali ni karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ina kama kilo 28. Mtu anunuaye porini kwa lita na kuuza mjini kwa kilo anaweza kupata bahati asiyoijua, na yule anayenunua kwa kilo na kuuza kwa lita anaweza kupata hasara asiyoijua. Wazee wa misafara walilijua jambo hili. Shuka mbili ni doti moja, nayo ni yadi nne, na pembe zilipimwa kwa frasila ya ratili kama 35. Aliyechanganya shuka na doti alipoteza nusu ya mali yake kwa neno moja.

Fedha yenyewe imebadilika mara nyingi hapa petu. Ilikuwa nguo na shanga, ikawa rupia, na mwaka 1916 Wajerumani walipozibiwa njia ya bahari walipiga sarafu hapa hapa Tabora katika karakana ya reli: heller za shaba nyeupe na nyekundu, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye sura ya tembo. Siku hizi fedha haishikiki mkononi, yapita katika simu, tangu mwaka 2008 huduma hiyo ilipoanza katika nchi yetu. Watu waniambia, “Mwalimu, simu inaandika yenyewe.” Ni kweli, kila malipo yana ujumbe wake na tarehe. Lakini simu haijui kama 10,000 iliyotoka ilikwenda kwa muuza asali au kwa mjomba. Ikiwezekana duka liwe na laini yake na nyumba laini yake. Ikiwa haiwezekani, ujumbe unakiliwe daftarini jioni ileile pamoja na sababu.

Juu ya mipango nitasema machache, maana mwenye daftari la miezi sita amekwisha kupata nusu ya mpango. Mkoa wetu una majira. Wakulima wa tumbaku wakilipwa, hata duka la mtaani Kitete laona tofauti. Mwezi Januari shule zafunguliwa, sare na madaftari yanataka fedha, mvua yanyesha, na wateja wachache hununua asali. Mwenye kuandika atayaona haya kwa tarakimu. Basi achukue gharama zijazo mara moja kwa mwaka, azigawe kwa 12. Leseni na matengenezo ya duka vikiwa 120,000, kila mwezi ni 10,000, iwekwe mbali na sanduku. Halafu ajiwekee mshahara. Katika faida ya 40,000, toa 10,000 hiyo, chukua 25,000 ya nyumbani, acha 5,000 ikue. Ni kidogo? Ndiyo, ni kidogo. Duka la ndoo moja haliwezi kulisha nyumba nzima, na ni afadhali kulijua jambo hilo mwezi wa kwanza kuliko mwaka wa pili.

Wazazi wengine huogopa daftari kwa sababu ya kodi. Wanadhani ukiandika, mtoza kodi ataona na kukutoza zaidi. Mara nyingi ni kinyume. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtofautisha mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, aliyeuza zaidi ya milioni 4 lakini si zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, ikiwa hana kumbukumbu alitakiwa kulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Tuseme ameuza milioni 5. Kilichozidi ni milioni moja, na asilimia 3 yake ni 30,000. Daftari la shilingi mia chache lilimwokolea mtu 70,000. Viwango hubadilishwa na Bunge, kwa hiyo kila mmoja aulize vya mwaka wake. Na madaftari ya zamani yasifungiwe vitumbua: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yataka yatunzwe miaka 5.

Shangazi yu hai, na siku hizi auza karanga za kukaanga mlangoni kwake. Daftari analo moja, na mjukuu wake wa darasa la sita ndiye mwandishi. Nilipomtembelea juzi alinionyesha hesabu za mwezi uliopita akiwa na hofu, kwa sababu sanduku lilikuwa limepungua. Nimezichukua hesabu zake, nikazilainisha kidogo, na ndizo zoezi lenu. Wazazi nao wanaruhusiwa kujaribu.

Zoezi. Mwuza karanga ana mtaji wa shilingi 120,000. Amenunua karanga kilo 30 kwa 3,000 kila kilo, mkaa na chumvi kwa 10,000, na vifuko 300 kwa 6,000. Amejaza vifuko vyote 300, bei ya kila kimoja ni 500. Hadi mwisho wa mwezi ameuza 240 kwa fedha taslimu na 30 kwa mkopo, na 30 bado viko dukani. Yeye mwenyewe amechukua 25,000 ya nyumbani.

(a) Andika daftari la fedha na uonyeshe baki iliyo sandukuni.
(b) Tafuta gharama ya vifuko 30 vilivyobaki, kisha ujumlishe fedha, madeni na mali iliyobaki.
(c) Fedha sandukuni ni pungufu ya mtaji aliouanza. Je, amekula mtaji? Toa sababu kwa tarakimu.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya wiki ya mitihani. Atakayejibu (c) kwa neno “ndiyo” atarudishiwa karatasi yake.